Kimeng'enya Hakisomeki: Utatuzi wa Matatizo ya Lakesi na Peroksidesi za Kuvu wa Uozo Mweupe

Sampuli iko kwenye kyuveti (kichupa cha kusomea mwanga), ABTS, kemikali ambayo lakesi huigeuza kijani, imeingia, dakika tatu zimepita na rangi ya kijani haijatokea. Wengi hapo hapo humlaumu kuvu, wakamwaga kila kitu na kuotesha upya. Wiki mbili zinapotea, na tatizo bado liko pale pale kwenye chupa ya bafa, kioevu cha kushikilia pH.

Anza mwisho urudi nyuma: kagua kipimo, kisha ukamuaji, kisha ukuaji. Kipimo hukaguliwa kwa dakika chache, ukamuaji kwa nusu siku, ukuaji kwa wiki nzima au zaidi. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo, isipokuwa jambo moja linalopaswa kujulikana kabla ya mengine yote.

Kuvu wako anatengeneza nini hasa?

Kuvu wa uozo mweupe huvunja lignini, kitu kigumu kinachoimarisha mbao na mabua, kwa vimeng'enya vya lakesi na peroksidesi. Si kila mmoja hutoa vyote. Uyoga wa mamama (Pleurotus ostreatus) hutoa lakesi kwa wingi, hutoa peroksidesi ya manganisi (MnP) na ile peroksidesi changamano yenye tabia za aina mbili, lakini peroksidesi halisi ya lignini (LiP) hana. Phanerochaete chrysosporium, ambaye jenomu yake ilichapishwa mwaka 2004, ana LiP na MnP nyingi ila hana lakesi ya kawaida. Trametes versicolor anazo zote tatu.

Kwa hiyo ukitafuta lakesi kwa Phanerochaete ukapata sufuri, kipimo chako huenda ni sahihi kabisa. Na ukipima mamama kwa alkoholi ya veratrili (ile ya kupimia LiP) ukaona inabadilika, usiandike LiP kwenye daftari. Peroksidesi changamano nayo huibadilisha.

Lakesi haionyeshi rangi yoyote

Kipimo cha kawaida kwa ujazo wa mililita 1: mililita 0.8 za bafa ya asetati ya sodiamu ya milimola 100 kwa lita, pH 4.5, mililita 0.1 za ABTS ya milimola 5 (miligramu 27.4 ndani ya mililita 10 za maji), mililita 0.1 za sampuli. Soma ufyonzaji wa mwanga kwenye nanomita 420 kila sekunde 10 au 15, kwa dakika moja hadi tatu, joto likiwa thabiti kati ya nyuzi 25 na 30. Kigezo cha ufyonzaji ni 36,000, hivyo kwa ujazo huu zidisha ongezeko la dakika moja kwa 277.8 upate yuniti kwa lita. Ongezeko la 0.1 kwa dakika ni takriban yuniti 28 kwa lita. Kama sampuli ilizimuliwa, zidisha tena kwa idadi ya mara ulizozimua.

Ikiwa hakuna kinachotokea, kwanza thibitisha kwamba kipimo chenyewe kinafanya kazi. Huhitaji kununua lakesi safi kwa hilo. Chukua punje chache za mbegu ya uyoga wa mamama ambayo utando mweupe umeshaifunika vizuri, ziloweke kwenye mililita 5 za bafa ile ile kwa robo saa, chuja, weka mililita 0.1. Mchuzi huo ukigeuka kijani, kipimo ni kizima na tatizo liko kwenye sampuli yako. Usipogeuka, shughulika na kemikali kabla ya kumgusa kuvu.

Kosa linalojirudia zaidi ni pH. Lakesi za kuvu hufanya kazi na ABTS katika uchachu, kati ya pH 3 na 5, na karibu na pH 7 kasi inakaribia kufa. Mtu anayetumia bafa ya fosfati ya pH 7 kwa sababu ndiyo iliyokuwa kwenye kabati atapata sufuri na ataamini ni ya kweli. Pima pH ya mchanganyiko mzima ndani ya kyuveti pia, maana kioevu cha kuoteshea chenye fosfati nyingi kinaweza kuivuta bafa dhaifu kutoka mahali pake.

Kosa la pili ni vizuizi. Sodiamu azaidi, ambayo maabara nyingi huitia kwenye bafa ili isiote bakteria, huizuia lakesi kwa nguvu kubwa hata ikiwa kidogo. Floridi ni vivyo hivyo, na kloridi nayo huizuia, ingawa kwa kiwango hafifu. Kwa hiyo tengeneza bafa kwa asidi asetiki na upandishe pH kwa haidroksidi ya sodiamu. Usianze na asetati ukashusha kwa asidi ya haidrokloriki. EDTA, kemikali inayonasa metali, nayo iepuke: lakesi hubeba atomi nne za shaba, na kuiondolea hata moja ni kuizima.

Usomaji upo, lakini tabia yake si ya kawaida

Usomaji unaruka juu ndani ya sekunde chache kisha unalala. Sampuli yako ina nguvu mno. ABTS ya milimola 0.5 ikioksidishwa yote ingetoa ufyonzaji wa 18, kiwango ambacho spektrofotometa haiwezi kukisoma, kwa hiyo kinacholala ni mashine, si kimeng'enya. Zimua mara 10, kisha mara 100, mpaka ongezeko liwe kati ya 0.02 na 0.2 kwa dakika na mstari uwe umenyooka. Kabla ya kukubali namba yoyote, pima kwa mizimuo miwili tofauti. Majibu yakitofautiana sana baada ya kuzidisha, mojawapo si sahihi.

Usomaji unakaa bila kusogea kwa muda, kisha unaanza kupanda. Hapo kuna vitu ndani ya sampuli vinavyoirudisha ABTS iliyooksidishwa katika hali yake ya awali, hasa fenoli kutoka mabua ya mahindi, majani ya migomba au pumba. Vikiisha, rangi hujitokeza. Tumia sehemu iliyonyooka baada ya ukimya huo, au, bora zaidi, pitisha sampuli kwenye chujio la kilodaltoni 10 na ubadilishe kioevu chake mara tatu kwa bafa. Lakesi ina uzito wa kilodaltoni 60 hadi 70 hivi, itabaki juu, fenoli ndogo zitapita chini.

Sampuli iliyochemshwa nayo inatoa rangi. Lakesi hustahimili joto kuliko watu wanavyodhani, na dakika mbili za maji ya moto hazitoshi. Chemsha dakika 15 hadi 20. Ikiendelea kutoa rangi, angalia kama kuna chenga za kahawia nyeusi chini ya mirija. Hizo mara nyingi ni oksidi za manganisi, na zenyewe huoksidisha ABTS bila kimeng'enya chochote. Zisokote kwenye sentrifuji, upime kioevu cha juu pekee.

Kuna pia hali ya lakesi kuonekana nyingi kuliko ilivyo. Mchuzi ghafi huwa na peroksidesi, na kuvu mwenyewe hutoa haidrojeni peroksaidi kidogo ya kuziendesha. Nazo huibadilisha ABTS, na rangi yao inahesabiwa kama ya lakesi. Ongeza katalesi kwenye kyuveti, uiache dakika chache imalize peroksaidi, ndipo utie ABTS. Kinachobaki ndicho cha lakesi. Mtu asiyefanya hivi na kuripoti lakesi ya Phanerochaete huwapotosha wenzake.

Peroksidesi hazisomeki

Hapa ndipo watu wengi hukwama, na kwa kawaida chanzo ni haidrojeni peroksaidi. Ikipungua, kimeng'enya hakina cha kutumia. Ikizidi, kimeng'enya hugeuka kuwa hali isiyofanya kazi na kuharibika, nawe unaona mstari unaopanda sekunde kumi kisha unakatika.

Chupa ya asilimia 30 ikiwa mpya ina takriban mola 9.8 kwa lita, lakini chupa iliyofunguliwa mwaka jana na kukaa kwenye rafu yenye joto haina uhakika wowote. Usiamini lebo. Zimua maikrolita 102 hadi mililita 100 ukitumaini kupata milimola 10, kisha soma kwenye nanomita 240. Kwa kigezo cha 43.6, milimola 10 zinapaswa kutoa ufyonzaji wa takriban 0.44. Ukipata 0.25, unajua peroksaidi yako imeshuka na unarekebisha ujazo. Uzimuaji huu ufanywe siku ya kipimo. Kesho yake ni wa kumwaga.

Kwa MnP: bafa ya maloneti ya sodiamu ya milimola 50, pH 4.5, salfeti ya manganisi milimola 0.5, sampuli, na mwisho kabisa haidrojeni peroksaidi ya milimola 0.1 (maikrolita 10 za ile ya milimola 10 ndani ya mililita 1). Soma nanomita 270, kigezo 11,590. Peroksaidi iingie mwisho siku zote. Ikikaa na kimeng'enya peke yake, inakiharibu kabla kipimo hakijaanza.

Maloneti haina mbadala wa kubahatisha. Kimeng'enya hiki huoksidisha manganisi ya chaji mbili kuwa ya chaji tatu, na ile ya chaji tatu haidumu bila kushikwa na asidi kama maloneti. Kwenye asetati hugawanyika na kuacha vumbi la kahawia, na kasi unayoisoma ni ndogo kuliko ya kweli.

Nanomita 270 ni mwanga wa urujuanimno. Kyuveti za plastiki za kawaida haziupitishi, na za kioo cha kawaida pia hapana, lazima kwatzi. Mtu akisema usomaji wake umesimama kwenye 3 tangu mwanzo, muulize kwanza ametumia kyuveti gani. Na hata kwa kwatzi, mchuzi wa kahawia kutoka kwenye mabua hufyonza sana hapo hapo kwenye 270. Kama huwezi kuusafisha, hamia kwenye 2,6-dimethoksifenoli, milimola 1, nanomita 469, kigezo 49,600, ukitumia kyuveti tatu: ya kwanza sampuli na dimethoksifenoli tu, ya pili ongeza peroksaidi, ya tatu ongeza peroksaidi na manganisi. Ya kwanza ni lakesi. Toa ya kwanza kwenye ya pili upate peroksidesi isiyohitaji manganisi, kisha toa ya pili kwenye ya tatu upate MnP. Hesabu hii ina maana pale tu sampuli imeondolewa manganisi iliyotoka kwenye kioevu cha kuoteshea, hivyo lile chujio la kilodaltoni 10 linahitajika tena.

LiP hupimwa kwa alkoholi ya veratrili ya milimola 2, peroksaidi milimola 0.4, bafa ya tartareti pH 3.0, nanomita 310, kigezo 9,300. Dalili ya kipekee hapa ni usomaji wa mwanzo kuwa juu hata kabla ya sampuli: alkoholi yenyewe imechafuka kwa veratraldehaidi, ambayo ndiyo zao unalolipima. Badilisha chupa. Angalia pia pH; kipimo hiki kikifanywa kwenye 4.5 kwa sababu bafa ya lakesi ilikuwa karibu, kasi hushuka sana.

Kipimo kiko sawa, mchuzi ndio hauna kitu

Kuvu aliyekuzwa juu ya mabua au mabaki ya mkonge hushikilia sehemu ya vimeng'enya kwenye nyuzi. Kumwagia maji ya bomba na kukamua mara moja huacha kingi ndani, na klorini ya bomba haisaidii. Tumia bafa ya asetati ya milimola 50, pH 5, mililita 5 hadi 10 kwa kila gramu ya mabaki mabichi, tikisa kwa mizunguko 150 kwa dakika kwa saa moja katika baridi, kamua kwa kitambaa safi, kisha sokota kwa nguvu ya g 10,000 dakika 15 kwenye nyuzi 4. Rudia ukamuaji kwenye mabaki yale yale. Mkamuo wa pili ukiwa na theluthi ya wa kwanza, ongeza bafa au muda.

Mchuzi ukiwa mzito unaovutika, ni polisakaridi ambazo mamama na Trametes huzitoa kwa wingi. Huziba chujio, na pipeti hupima ujazo usio sahihi. Gandisha mchuzi, uyeyushe polepole, usokote tena. Sehemu kubwa ya utelezi huo hushuka chini. Pima shughuli kabla na baada, kwa sababu sehemu ya kimeng'enya huweza kushuka pamoja nao.

Wakati wa kuvuna una uzito kuliko mbinu ya ukamuaji. Lakesi hupanda utando unapoenea na mara nyingi hushuka uyoga unapoanza kuchipua. Anayekamua mifuko siku ya kuchuma uyoga amechelewa kilele, ingawa mabaki hayo bado yana kimeng'enya cha kutosha kwa kazi zisizohitaji kiwango kikubwa. Usitegemee siku moja iliyoandikwa mahali. Chukua sampuli kila siku ya tatu tangu kupanda, uchore mstari wako mwenyewe.

Kuvu ameota vizuri, kimeng'enya hakuna

Kwa mamama na Trametes, joto liwe nyuzi 25 hadi 28 na unyevu wa mabaki asilimia 65 hadi 70: ukikamata konzi ya mabaki na kuikaza, yatoke matone machache, si mkondo. Mabaki yaliyojaa maji hayana nafasi za hewa, na lakesi huhitaji oksijeni kwa kazi yake kama kuvu anavyoihitaji kuishi.

Shaba ndiyo dawa ya kwanza ya lakesi ndogo. Tengeneza salfeti ya shaba (mrututu) ya milimola 100: gramu 2.5 ndani ya mililita 100, ichujwe kwa chujio la kuondoa vijidudu. Tumia mrututu wa maabara, kwa sababu ule wa kunyunyizia mimea huja na uchafu usioujua. Kwa mamama anza na mililita 0.15 kwa kila mililita 100 za kioevu, yaani milimola 0.15, Trametes huvumilia milimola 1 au zaidi. Itie siku ya tatu au ya nne, utando ukishasimama. Ikitiwa siku ya kwanza, shaba humdumaza kuvu, na mtu huishia kusema shaba haifanyi kazi. Zailidini 2,5 nayo huchochea lakesi vizuri, lakini ni sumu. Sioni sababu ya kuigusa kabla shaba haijajaribiwa kikamilifu.

Phanerochaete ana masharti mengine kabisa. Hupenda nyuzi 37 hadi 39, na LiP huanza kutoka pale nitrojeni inapokwisha na ukuaji unaposimama, kwa kawaida baada ya siku ya nne au ya tano. Kioevu chenye nitrojeni ya milimola 2.4 kwa lita humfikisha hapo; chenye milimola 24 humnenepesha tu. Mkuze bila kutikisa katika tabaka jembamba, mililita 10 ndani ya flaski ya mililita 125, na upulize oksijeni safi. Ukilazimika kutikisa, tia Tween 80 (aina ya sabuni ya maabara) asilimia 0.05 hadi 0.1, la sivyo LiP haitaonekana. Manganisi nayo ina upande wake: ikiwa nyingi huinua MnP na kuikandamiza LiP, kwa hiyo kioevu kimoja hakiwezi kukupa zote mbili kwa kilele chake. Mamama hana tabia hii ya nitrojeni. Kwake kioevu chenye nitrojeni nyingi mara nyingi huongeza lakesi. Ndiyo maana kunakili kichocheo cha Phanerochaete kwa ajili ya mamama hukatisha tamaa.

Kuvu aliyehamishwa sahani hadi sahani mara nyingi hudhoofika bila kubadilika sura. Rudi kwenye hifadhi ya zamani iliyo kwenye mirija ya agari katika jokofu, na umpitishe mara moja kwenye vumbi la mbao au mabua kabla ya jaribio.

Ukungu wa kijani ukitokea, mara nyingi ni Trichoderma, na una hila: mamama akishambuliwa naye huongeza lakesi. Usomaji wa juu kutoka mfuko wenye madoa ya kijani si mafanikio. Uondoe kwenye hesabu.

Jana kilisomeka, leo hakipo

Vimeng'enya vya kuvunja protini vilivyomo kwenye mchuzi ghafi huendelea kula hata kwenye nyuzi 4, na LiP ndiyo dhaifu kuliko wenzake. Pima siku ile ile, au gawa katika mirija ya mililita 1 na kugandisha kwenye nyuzi 20 chini ya sufuri. Kila mrija uyeyushwe mara moja tu. Pale umeme unapokatika mara kwa mara, friza huyeyusha na kugandisha bila wewe kujua. Weka mrija wenye barafu na sarafu juu yake, ukiikuta sarafu imezama, sampuli hizo zimeshayeyuka.

Kimeng'enya kikipotea baada ya dialisisi (kusafisha mchuzi ndani ya mfuko unaopitisha molekuli ndogo), kisababishi cha kwanza cha kuangalia ni mfuko wenyewe. Mirija ya dialisisi huhifadhiwa kwenye EDTA au azaidi. Ioshe kwa maji yaliyotoneshwa mara kadhaa, ndani na nje.

Sahani zenye rangi zinadanganya

Gwayakoli ya asilimia 0.02 kwenye agari hugeuka kahawia nyekundu kwa lakesi na kwa peroksidesi vilevile, hivyo haitofautishi. Azure B ni ushahidi bora wa peroksidesi, kwa kuwa lakesi peke yake haiiondoi. Rangi ya buluu ya RBBR ikipotea, geuza sahani utazame utando: ukiwa wa buluu, kuvu ameinyonya rangi tu, hajaivunja.

Kimeng'enya kingi, lignini haipungui

Lakesi peke yake huoksidisha sehemu za fenoli, na sehemu hizo ni chache ndani ya lignini. Sehemu zisizo za fenoli zinahitaji LiP, peroksidesi changamano, au lakesi yenye kisaidizi. Ni mwaka 1990 ilipoonyeshwa kwamba ABTS yenyewe yaweza kuwa kisaidizi hicho. Bila kisaidizi, vipande vilivyooksidishwa huungana tena na kioevu huwa cheusi zaidi. Isitoshe, molekuli ya kimeng'enya ni kubwa kuliko vitundu vya ukuta wa mbao nzima. Saga mabaki laini kabla ya kuyatia kwenye mchuzi.

Kabla ya kuamini kwamba haipungui, kagua pia njia ya Klason, ya kupima lignini kwa asidi: gramu 0.3 za sampuli kavu, mililita 3 za asidi ya salfuriki ya asilimia 72 kwa saa moja kwenye nyuzi 30, kisha mililita 84 za maji na saa moja kwenye otoklevu ya nyuzi 121. Vaa miwani na glovu. Asidi hii haisamehe. Kinachobaki kwenye chujio huhesabiwa kama lignini, lakini utando wa kuvu na protini yake pia hubaki, na pumba za mpunga huacha silika nyingi. Choma mabaki hayo kwenye nyuzi 575, toa uzito wa majivu, pima nitrojeni iliyobaki utoe protini. Kisha hesabu lignini kwa uzito wa mwanzo wa mabaki, si kwa uzito wa sasa: kuvu amekula selulosi pia, na asilimia ya lignini yaweza kupanda huku gramu zake zikishuka.